Nani Atakuwa Sifuri?

Mwalimu Godefroid alikuwa hodari wa mambo mengi, ila miguu yake haikuwahi kwenda shule. Siku ya arusi yake mwenyewe alikanyaga gauni la bibi arusi wake, Kabedi, katikati ya wimbo wa kwanza, wakaenda chini wote wawili, na keki ikawafuata. Watu wa Kikula, mtaa wetu wa Likasi, hawasahau mambo ya namna hiyo. Hadi leo, mama akipita sokoni na trei ya mayai kichwani, ataambiwa achunge, Prof Godé asije akaanza kucheza.

Kwenye hesabu, hapo ni mtu mwingine. Kila asubuhi anapanda baiskeli yake kutoka Kikula hadi shule ya sekondari anakofundisha, na wanafunzi wakimwona kwenye kona wanaambiana, "Papa Dix-huit anakuja." Jina hilo, Baba Kumi na Nane, alilipata kwa sababu ya namba yake. Watu wengine wana mbwa, wengine wana timu ya mpira, yeye ana namba. Ina tarakimu kumi na nane, na ni hii: 105 263 157 894 736 842. Kuisoma kwa maneno ni kazi ya mtu aliyekaa chini na kushiba.

Walikutana akiwa kijana, anasoma bweni Mulungwishi. Mwalimu wake aliwapa darasa fumbo: tafuteni namba ambayo ukiing'oa tarakimu ya mwisho ukaipeleka mbele, namba nzima inakuwa mara mbili. Wenzake walitafuta mpaka kengele ya chakula, halafu wakaenda kula. Godefroid hakula. Alikuwa ameona kwamba namba kama hiyo inajijenga yenyewe, kuanzia mkiani. Unaandika mbili. Mbili mara mbili ni nne, unaiweka kushoto. Nne mara mbili ni nane, unaiweka kushoto. Nane mara mbili ni kumi na sita: unaandika sita, moja unaibeba. Sita mara mbili ni kumi na mbili, pamoja na ile uliyoibeba ni kumi na tatu: unaandika tatu, moja unaibeba tena. Unakwenda hivyo, unaandika na kubeba, mpaka tarakimu ya kumi na nane, na hapo namba inakurudisha kwenye ile mbili uliyoanza nayo, kama mtu aliyezunguka mtaa akajikuta mlangoni kwake. Hakuna namba ndogo kuliko hiyo yenye tabia hiyo. Kijana alipoelewa hivyo alicheka peke yake darasani, na toka siku ile hajaachana nayo.

Kabedi aliolewa na mume na namba yake. Mwanzoni alivumilia. Aliambiwa kwamba humo ndani kila tarakimu kuanzia moja hadi nane imo mara mbili, pacha na pacha wake, ila sifuri na tisa tu ndizo zimo moja moja. Aliambiwa kwamba ukiikata namba katikati, ukavijumlisha vile vipande viwili, unapata tisa tupu, tisa tisa kutoka mwanzo hadi mwisho. Alikuwa anasikiliza, anaitikia, halafu anamsogezea ugali, anasema, "Baba Orpa, bukari inapoa." Mwishowe akatunga sheria ya nyumba: namba haikai mezani. Godefroid akawa anawalaza watoto kwa namba hiyo. Orpa na Carmen, binti zake wawili, walilala usingizi wa utoto wao wote kwa wimbo wa mbili, nne, nane, sita beba moja.

Orpa, yule mkubwa, ndiye aliyetangulia kuolewa. Siku ya arusi yake mwenye kipaza sauti alitangaza kwamba sasa baba wa bibi arusi atacheza na binti yake. Baba wa bibi arusi alikuwa ametoka nje kwenda kuangalia jenereta. Jenereta ilikuwa nzima, inanguruma vizuri kabisa, na Godefroid alisimama kando yake akiitazama kwa bidii hadi wimbo ulipokwisha. Orpa alicheza na mjomba wake Kabongo. Kwenye picha anaonekana akitabasamu, lakini macho yake yako mlangoni.

Hakumwambia baba yake neno lolote, si siku ile wala baadaye. Hilo ndilo lililomuuma Godefroid. Angegombezwa, angepumua. Ile picha iko ukutani sebuleni, na yeye hupita mbele yake haraka haraka, kama mtu anayechelewa mahali.

Basi zamu ya Carmen ilipofika, akachumbiwa na Hénoc, kijana muuguzi wa kule Panda, jambo la kwanza Carmen alilofanya ni kumkalisha baba yake kwenye kiti.

"Papa, ku arusi ya yaya Orpa ulienda kuangalia jenereta. Ku yangu, jenereta haiko. Nataka ucheze na minye, wimbo moya tu, mbele ya bantu bote."

"Nitacheza, mama."

"Ukweli?"

"Ukweli," akasema Godefroid.

Alihangaika kwa siku kadhaa. Alijaribu kucheza peke yake chumbani, mlango umefungwa, akaangusha taa. Halafu usiku mmoja akaamka akiwa amefurahi kupita kiasi, kwa sababu namba yake ilikuwa imemletea njia ya kutokea. Watu kumi na nane! Familia ya bibi arusi watu tisa, familia ya bwana arusi watu tisa, kila mmoja na tarakimu yake kifuani. Wataingia ukumbini kwa kucheza, safu mbili zikitazamana, na kila anayetazamana na mwenzake, wakijumlishwa, ni tisa: moja na nane, tano na nne, saba na mbili. Kisha watanyooka kuwa mstari mmoja. Hénoc mwenyewe atakuwa mbili ya mwisho, mkiani mwa watu wake. Atatoka pale, atatembea mpaka mbele kabisa ya watu wa Carmen, na namba itakuwa mara mbili! Kuna maelezo gani ya ndoa yanayozidi haya? Mchungaji alipoelezwa alisema namba hiyo imeokoka.

Na Godefroid? Godefroid atakuwa ubaoni na chaki yake, anawaonyesha watu hesabu. Kazi ya maana, kazi ya heshima, na miguu inabaki mahali pamoja. Msomaji ameshaelewa. Carmen pia alielewa.

"Na weye, Papa, utakuwa chiffre gani?"

"Minye nitakuwa ku tableau, na chaki."

"Chaki haichezaka, Papa."

"Tutaona, mama, tutaona," akajibu, akaenda kuangalia baiskeli.

Kabedi akashona mashati kumi na nane ya kitenge kimoja, akayabandika tarakimu za kitambaa cheupe kifuani, kubwa, za kuonekana toka mlangoni. Yeye mwenyewe alikuwa moja, kichwa cha mstari. Orpa akawa tano. Ilipofika kwenye sifuri akauliza, "Baba Orpa, uko na hakika kaka yangu njo sifuri?"

Godefroid alikuwa na hakika. Katika akili yake hakukuwa na cheo kikubwa kuliko hicho. Tarakimu nyingine zote zina pacha, lakini sifuri ni moja tu, na inayoitazama ni tisa, ambayo nayo ni moja tu. Tisa alimpa Mama Mimi, mama yake Hénoc. Sasa kwa upande wa bibi arusi, nani mwenye kustahili kumtazama mama wa bwana arusi uso kwa uso, kama si mjomba? Katika arusi zetu mjomba ni mtu mzito. Asipobariki, hakuna kinachosonga. Ndiyo maana sifuri ilikuwa ya Kabongo, kwa heshima zote.

"Basi umwambie weye," akasema Kabedi.

Godefroid akasahau kumwambia. Kabongo alikuwa Kolwezi kwenye biashara zake za vipuri, hakufika hata kwenye zoezi moja. Uani kwa Kabedi walifanya mazoezi kila jioni, Mama Mimi akiwafundisha hatua, na mahali pa Kabongo walisimamisha fagio. Fagio halikukosea hata mara moja.

Siku ya arusi ikafika, jua kali, ukumbi umejaa, mapambo ya buluu na nyeupe, ndugu wametoka Lubumbashi na Kambove. Mashati yaligawiwa kwenye chumba cha nyuma. Kabongo, aliyefika asubuhi hiyo hiyo na viatu vya ncha kali, akapokea la kwake, akalikunjua, akaliinua mbele ya uso. Shati lilikuwa kubwa sawasawa na tumbo lake. Katikati yake palikuwa na sifuri nyeupe, nene, duara kama sahani.

"Shemeji," akasema polepole, "ni nini hii?"

"Ni chiffre yako, shemeji. Ni ya heshima sana."

"Zéro?"

"Njo ya heshima kupita zote. Nitakufasiria..."

"Minye, mujomba wa bibi arusi! Minye njo nilikaa na bakwe, njo nilibariki, njo nilicheza na Orpa siku weye ulikuwa unachunga jenereta! Na unanivalisha zéro mbele ya bantu? Zéro nilizipataka mingi ku masomo, shemeji. Sikukuja kuongeza ingine!"

Akaliweka shati mezani, akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono. Mtu akikaa hivyo Katanga, ujue hata umpigie magoti hainuki. Nje, ngoma zilikuwa zimeanza, na Parfait, mwenye kipaza sauti, alikuwa tayari anawaambia watu wajitayarishe kuona kitu ambacho Likasi haijakiona.

Godefroid akazunguka chumba na shati mkononi akitafuta mtu wa kuwa sifuri. Augustin, mpwa wake aliyekuwa anangoja mtihani wa taifa, akarudi nyuma hatua tatu, akaomba asiletewe mkosi. Mweka hazina wa kanisa akasema yeye na sifuri hawawezi kupigwa picha moja. Mzee mmoja wa ukoo aliuliza kwa nini isiondolewe tu, si haina kitu ndani?

"Haiwezekani," akasema Godefroid. "Ukiitoa, kila kitu kinaanguka. Mara mbili yake itaanza na tatu, na mstari wetu utaanza na mbili. Bantu batatucheka."

Halafu akaona fagio. Lilikuwa limesimama pembeni, fagio lile lile. Uso wake ukang'aa.

"Tulivalishe fagio!"

Kabedi akamsogelea mumewe, na shati lake la moja kifuani, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia: "Baba Orpa. Arusi ya mutoto wako. Fagio njo isimame fasi ya muntu wa familia, na weye uko hapa, na miguu mbili?"

Mlangoni alikuwa amesimama Carmen na gauni lake jeupe, amekuja kuangalia kwa nini wanachelewa. Nyuma yake alikuwa Orpa na shati lake la tano, na Orpa alikuwa anatazama chini, kama mtu anayejua filamu hii inaishaje. Godefroid aliona macho ya Orpa hayamtafuti tena. Ikamuuma zaidi ya picha ya ukutani.

Akavua koti. Akalivaa shati la Kabongo. Lilimfika magotini, mabega yakaning'inia, ungemdhania mtoto aliyeiba nguo ya baba yake. Akachukua chaki kutoka mfukoni, akaenda akaiweka mkononi mwa Kabongo.

"Shemeji, minye sasa niko zéro. Tableau haina muntu. Tafazali."

Kabongo aliitazama chaki, akaitazama sifuri inayomning'inia shemeji yake, akauma mdomo asicheke. Kusimama mbele ya watu wote na kuandika, hiyo ni kazi inayofanana na mjomba. Akainuka.

Wakaingia. Watu waliinuka kwa vigelegele, halafu wakamwona Godefroid wa pili katika mstari, na vigelegele vikageuka kitu kingine kabisa. "Prof Godé anacheza! Ondoeni keki!" Ni kweli kwamba wengine walipokwenda kulia yeye alikwenda kushoto, na walipopinda magoti yeye alikuwa anainuka. Lakini mbele yake alikuwa Mama Mimi, tisa, mwanamke ambaye akicheza hata viti vinataka kusimama, na Mama Mimi hakumwacha. Alimshika kwa macho, akamwambia, "Angalia minye, usiangalie miguu!" Yeye akaangalia. Sifuri na tisa. Jasho lilikuwa linamtoka, na kila alipojikwaa, Orpa aliyekuwa upande wake wa pili alimsukuma kwa kiwiko arudi mahali pake.

Safu zikanyooka zikawa mstari mmoja. Parfait akawaambia watu waisome namba, waiingize kwenye simu zao, waizidishe kwa mbili. Simu zikakataa. Zilileta tarakimu chache na herufi moja katikati, kisha zikanyamaza. Ukumbi ukacheka, na hapo Kabongo akakohoa, akageukia ubao.

Alianza kutoka mkiani, kwa sauti ya muuzaji. "Mbili na mbili, ine! Ine na ine, munane! Munane na munane, kumi na sita, naandika sita, nabeba moya!" Alipofika ya tatu ukumbi mzima ulikuwa umeshika mchezo, na kila palipokuwa na mzigo akina mama walipaza sauti, "Beba!" Akaenda hivyo, anabeba na kutua, hadi akafika kwenye tano ya Orpa.

"Tano na tano, kumi! Naandika zéro, nabeba moya..."

"Beba!"

"Zéro na zéro..." Kabongo akasimama. Akaitazama chaki. "Zéro na zéro haiko kintu. Lakini ile moya ya Orpa..." Akageuka, akamtazama shemeji yake ndani ya lile shati. "Ile moya ya Orpa, ni zéro njo inaipokea."

"Ni yeye njo anaipokea," akasema Godefroid.

"Kumbe!" akasema Kabongo. Akaandika moja, kisha kwa moja ya Kabedi akaandika mbili, na kazi ikawa imekwisha: 210 526 315 789 473 684.

Ngoma zikarudi. Hénoc akatoka mkiani mwa watu wake, peke yake, akacheza kupita mbele ya wote, akampita mama yake, akampita Orpa, akampita baba mkwe wake akimwinamia kidogo, hadi mbele ya Kabedi, hapo Carmen alipokuwa anamngoja. Akasimama. Watu wakasoma vifua, wakasoma ubao. Mbili, moja, sifuri, tano, mbili, sita... Walipofika mwisho na kuona hakuna hata moja iliyokosea, kelele ilitoka ambayo ilisikika hadi barabarani. Mchungaji alikuwa juu ya kiti. Walitaka tena, na aliyekuwa mkiani sasa, nne, akapelekwa mbele, na namba ikawa mara mbili tena. Nane naye akapelekwa, ikawa mara mbili tena. Godefroid akapaza sauti waishie hapo, kwa sababu mara ya nne hesabu inaanguka, na alikuwa anasema kweli, lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Carmen alikuwa amemshika baba yake mkono. "Papa, hesabu imeisha. Sasa njo wimbo yangu."

Wakacheza. Alimkanyaga mara kadhaa, gauni likapata alama ya kiatu ambayo Kabedi hakuweza kuitoa, na Carmen alicheka hadi vipodozi vikamchuruzika usoni. Hakuna aliyeanguka. Wimbo ulipokwisha watu walimpigia makofi kama mchezaji wa mpira.

Mpiga picha akaita familia. Kabongo akaja na chaki sikioni, akamwambia kwa adabu, "Shemeji, nirudishie shati yangu. Picha ni ya bantu ya heshima."

"Haitoki," akasema Godefroid.

"Shemeji!"

"Haitoki, shemeji. Ni yangu."

Walikuwa bado wanavutana mkono wa shati, wote wawili wanacheka, Orpa alipokuja akasimama mbele ya baba yake. Tarakimu yake ilikuwa imeanza kubanduka upande mmoja. Hakuwa anatabasamu.

"Papa," akasema. "Na wimbo yangu?"

Kabongo akaliachia shati. Godefroid akamtazama binti yake mkubwa, na safari hii macho ya Orpa yalikuwa usoni mwa baba yake, hayakuwa mlangoni. Alitaka kumwomba msamaha, ile sentensi aliyoitunga mara nyingi akiwa juu ya baiskeli. Ikakataa kutoka. Akageuka akamwita Parfait kwa sauti kubwa, akamwambia arudishe ule wimbo toka mwanzo.